Chupa Mbili za Mawese Ndani ya Kamio

Kamio, lori letu kuukuu, ilikaa kwetu miaka sita bila kutembea, na miaka hiyo yote mlinzi wake nilikuwa mimi. Niseme mapema, kabla mtu hajanipamba: aliyeiharibu pia nilikuwa mimi.

Marehemu mume wangu aliipata wakati jeshi lilipokuwa linaondoa vyuma vyake vilivyochoka. Ilikuwa na pua ndefu, madirisha madogo, na kikohozi cha asubuhi kisicho na aibu. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuipaka rangi ya buluu, ile ambayo wavuvi wa Uvira wanapaka mitumbwi yao, kwa sababu kamio yenye rangi ya jeshi huku kwetu haina rafiki. Wenye bunduki wa upande mmoja wanasema ni yao. Wa upande wa pili wanasema ni ya adui. Ikiwa ya buluu, watu wanasema ni kamio ya mchele, wanaiacha ipite.

Mara nyingi wanaiacha, siyo mara zote. Ndiyo maana alipolala kitandani akijua hataamka tena, hakuniambia habari za jeneza wala za mashamba. Alisema: "Ng'oa magurudumu, uyatawanye kwa majirani. Wakija kuitafuta, waikute haina miguu." Akapumzika, akasema tena, sasa habari za breki: "Na ile chupa ya likidi ya freni, usiiache ikauke. Ikikauka, raba za ndani zinakufa. Raba zikifa, freni zinakufa. Freni zikifa, kamio inaua muntu." Hakuniachia mkono mpaka nikarudia maneno yote, kama mtoto wa katekisimu.

Nikafanya alivyosema. Gurudumu moja lilienda kwa jirani anayeanika ndagala, dagaa wa ziwa, lingine kwa mwenye kinu, mengine yakaingia chini ya kitanda changu. Kamio ikakaa juu ya magogo ya mikaratusi nyuma ya nyumba, nikaifunika mabua ya mahindi, na kuku wakahamia ndani yake wakataga kwenye kiti cha dereva. Watu wenye bunduki walikuja mara mbili. Waliangalia, wakaona ghala la kuku, wakaondoka na kuku.

Kila mwanzo wa mwezi nilipanda, nikapiga magoti, nikainua bati la sakafu penye pedali, nikafungua kifuniko cha ile chupa, nikachovya kijiti. Shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini kijiti najua kukisoma. Mwaka wa kwanza likidi ilikuwa juu. Mwaka wa pili ilishuka kidogo. Mwaka wa tatu ilishuka hadi kijiti kikatoka kikavu.

Wakati huo barabara zilikuwa zimefungwa, mpaka wa kwenda Bujumbura umefungwa, na yule anayeuza vipuri alikuwa amefunga duka na kukimbilia ng'ambo. Nilizunguka mji mzima kutafuta likidi ya freni, nikakosa hata kidogo. Usingizi ulinikataa. Niliisikia sauti yake: usiiache ikauke.

Sasa mtu wa Uvira akikosa kitu, anaangalia alicho nacho jikoni. Mimi nilikuwa na mawese. Na siyo mawese ya ovyo. Nina dada upande wa mama kule Makobola anayekamua mwenyewe, na yale ya kwanza, mekundu, yasiyo na maji, ananiwekea mimi. Niliyachemsha tena kuondoa unyevu. Niliyachuja mara tatu kwa kitambaa kipya. Padri alipokuja kula kwangu hakupata mawese safi kama yale. Nikajaza chupa ndogo ya soda, nikapanda, nikamimina polepole mpaka kijiti kikasema basi. Nikamwambia marehemu: haya, haijakauka. Mwaka uliofuata nikaongeza chupa ya pili. Nilishuka nikiwa najisikia mke mwema.

Hayo ndiyo niliyofanya. Sikumwambia mtu, siyo kwa sababu ya aibu, bali kwa sababu niliona ni kazi ya kawaida, kama kufagia.

Mwaka huu hali ilitulia kidogo. Sisi wajane kumi na watatu tuna mashamba ya mchele kule Lubarika, katika bonde la Ruzizi, tumeyalima pamoja miaka mingi. Mavuno yalikuwa mazuri, magunia yamepangwa chini ya turubai shambani, na mvua zilikuwa zinakaribia. Wenye magari walitukataa, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na sababu yake. Mimi nikasimama katika mkutano wetu nikasema: "Minye niko na kamio." Wakanitazama kama niliyesema nina ndege. Nikasema tena: "Niko na kamio, na niko na dereva, na dereva ni fundi."

Huyo fundi ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Ni msichana. Nimemlea mimi. Alisoma ufundi wa magari shule ya hapa hapa, msichana peke yake katikati ya wavulana, halafu akaenda kufanya kazi garaji moja Bujumbura. Kule miezi miwili ya kwanza walimpa kazi ya kuchemsha chai. Mwezi wa tatu gari la tajiri mmoja lilikataa kuwaka, mafundi wanne wakalizunguka nusu siku, na yeye alipoleta chai akaweka trei chini, akachomeka waya mmoja mahali pake, likawaka. Tangu siku hiyo chai walichemsha wenyewe. Mimi hadithi hiyo nimeisimulia kanisani, sokoni, na mpakani kwa askari wa forodha ambaye hakuniuliza. Nikaitwa mwenye majivuno. Mwenye kitu cha kujivunia ajivunie.

Tulikubaliana safari iwe Jumamosi ya wiki ya pili baada ya yeye kufika. Yeye ataendesha, na wakati wa kurudi sisi akina mama tutakaa juu ya magunia. Kila kitu kilisimama juu ya jambo moja: freni. Bonde la Ruzizi ni tambarare, lakini barabara ina ng'ombe, ina pikipiki zinazotokea kila upande, ina madaraja membamba, na kuna mteremko wa kutoka mashambani. Kamio yenye mchele na wajane kumi na watatu, na mtoto wangu kwenye usukani, haiwezi kusimamishwa kwa maombi.

Kabla mjukuu hajafika, nilimwita mzee mmoja, fundi wa zamani, rafiki wa marehemu tangu ujana. Ni mtu mzuri, anapenda tumbaku ya kunusa, na pua yake imekufa kwa sababu hiyo. Alikusanya magurudumu, akayafunga, akasugua kutu kwenye ngoma zake, vile vyuma vya duara ambavyo freni inakamata. Halafu akainua lile bati, akafungua ile chupa. Alivuta kilichokuwemo kwa bomba la sindano, akakitazama.

"Shemeji, angalia likidi ikizeeka," alisema. "Inakuwa nyeusi kama chai ya kambi."

Akaimwaga kwenye majani, akapangusa chupa kwa kitambaa, akajaza likidi mpya kutoka Bujumbura. Moyo wangu ulitulia. Nikajua sasa kazi yangu ya kuazima imekwisha, mwenye mahali pake amerudi. Sikufikiri kwamba kilichokuwa kwenye chupa kilikuwa kimeshatembea mpaka ndani ya mabomba.

Mjukuu alifika Jumatatu. Injini ikawaka siku hiyo hiyo. Kuku walitawanyika, majirani wakatoka, na mimi nikafunga kitenge vizuri kama mama wa bibi harusi. Kamio ikatembea kutoka nyuma ya nyumba hadi getini. Ikakanyagwa freni, ikasimama. Hapo ikakataa kuondoka. Injini ilinguruma, kamio ikatetemeka, gurudumu la mbele la kulia likaanza kutoa moshi.

Mzee fundi hakuinuka hata kwenye kiti chake. Huku kwetu babu na mjukuu wa kike wanataniana kama mume na mke, na yeye kwa kuwa ni rafiki wa babu yake, alichukua haki hiyo yote.

"Muke wangu," alisema, "hiyo ni hewa tu ndani ya mabomba. Pompa, kanyaga pedali mara tatu, fungua, itoke, tuende kula."

"Mume wangu," mjukuu akajibu kutoka chini ya kamio, "hewa inafanya pedali inakuwa laini kama uji. Hii iko ngumu kama jiwe. Haiko hewa."

"Minye nilikuwa nafunga freni za makamio mbele mama yako hajazaliwa."

"Njo maana zinashika mpaka leo, hazijui kuachia."

Watu wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote. Lakini niliona amefunga kopo lake la tumbaku bila kunusa, dalili kwamba yamemfika.

Nilikaa kwenye kinu kilichopinduliwa nikamtazama mtoto akifanya kazi. Niliwahi kusikia watu wakisema fundi anajua. Sikujua kujua kwenyewe kunakuwaje. Hakugonga kitu. Aliinua gurudumu moja kwa jeki, akalizungusha kwa mkono. Likazunguka. Akaniambia nimtume mtu akanyage pedali na kuachia. Akalizungusha tena: limegoma. Nyuma ya kila gurudumu kuna skurubu ndogo ya kutolea likidi. Akaifungua robo mzunguko. Likidi ikaruka, *pss*, na gurudumu likawa huru. Akafanya hivyo kwa magurudumu yote, moja moja, na kila mara alingoja, akasikiliza, akapangusa mikono.

"Koko," aliniambia, kama wanavyoita bibi huku kwetu, "unaona? Kama ni kutu imeshika ndani ya ngoma, hata nikifungua hapa gurudumu lingebaki limegoma. Limeachia. Maana yake likidi imesukumwa huku na haipati njia ya kurudi."

"Nani anaizuia?"

"Njo nataka kujua."

Akarudi juu. Akakanyagiwa pedali tena, magurudumu yakagoma yote. Safari hii hakugusa magurudumu. Alilegeza bomba pale linapotoka kwenye pompi ya freni, ile pampu iliyo chini ya pedali. Magurudumu yote yakaachia kwa pamoja, mpaka kamio ikasogea kidogo kama mtu anayeshusha pumzi.

"Pompi," alisema. "Ndani ya pompi kuna tundu dogo la kurudishia likidi. Raba imeliziba."

Mzee alisogea, akatazama, akanusa tumbaku yake. "Sawa," alisema. "Hapo umeshinda." Na huyo ni mtu anayekubali kushindwa mara moja kwa mwaka.

Walipofungua pompi, raba zilitoka zimevimba, laini, kubwa kuliko nyumba zao, kama maharage yaliyolala ndani ya maji. Mzee akasema ni uzee. Mjukuu akasema uzee wa raba ni kukauka na kupasuka, siyo kunenepa. Lakini kamio ilikuwa imekaa miaka sita kando ya ziwa, na hewa ya ziwa inafanya mambo mengi, kwa hiyo wakaliacha neno hapo. Aliagiza raba mpya kwa mtu anayevuka mpaka. Zikafika Jumatano, akazifunga, akatoa hewa. Jioni ya Jumatano kamio ilikwenda hadi mwisho wa mtaa na kurudi, ikisimama kila alipotaka na kuondoka kila alipotaka. Alhamisi na Ijumaa ilibeba mchanga wa jirani. Jumapili nilikaa benchi la mbele kanisani, na baada ya misa niliwaambia wenzangu wafunge vitu vyao.

Jumanne asubuhi kamio ikagoma tena.

Siyo kwa nguvu kama mwanzo, lakini iligoma. Mjukuu aliisukuma, akafungua, akafunga. Saa nane mchana, jua lilipowaka, ikaachia yenyewe. Jumatano asubuhi ikagoma, mchana ikaachia. Alhamisi asubuhi iligoma mapema zaidi na ikachelewa zaidi kuachia. Alifungua pompi akakuta raba zake mpya, za siku nane tu, zimeanza kuvimba.

Sijawahi kumwona mtoto yule akikaa chini mchana. Alikaa. Alishika ile raba kiganjani akaitazama.

"Waliniuzia kitu cha uongo," alisema. "Niliagiza bila kuona kwa macho. Ni kosa langu."

Mzee safari hii hakumtania. Ingekuwa afadhali angemtania. Alimwambia kwa upole: "Sikia, muke wangu. Usijisumbue. Tunalegeza kidogo fimbo ya pedali, raba irudi nyuma zaidi, lile tundu libaki wazi. Freni zitachelewa kushika, lakini zitaachia. Muende Lubarika, mrudi, halafu tutatafuta raba nzuri taratibu."

"Na zikishindwa kushika?"

"Utapompa mara mbili. Babu yako aliendesha hivyo mwaka mzima."

Alikuwa anasema kweli. Marehemu alifanya hivyo, na mimi nilikaa kando yake, nikisali kila alipofika kwenye mteremko.

Mchana ule wenzangu watatu walikuja. Walitaka jibu. Mmoja wao alikuwa na magunia pembeni kabisa ya turubai, na mawingu yalikuwa yamesimama juu ya milima tangu asubuhi. Waliongea na mjukuu wangu, siyo na mimi. Walimwita mama fundi, walimsifu, na ndani ya zile sifa walimsukuma. Nilimwona anakaribia kukubali. Kama angekuwa na uhakika na kazi yake angekataa. Lakini alishaamini kwamba kosa ni lake, na mtu wa namna hiyo anakubali lolote ili watu waache kumtazama. Akasema: "Nipeni mpaka jioni."

Mimi nikaenda kufua. Nikichanganyikiwa ninafua. Nilichukua ovaroli yake, ile aliyolala nayo chini ya kamio asubuhi nzima, akifungua zile skurubu za nyuma ya magurudumu. Mabega na kifua vilikuwa na madoa. Ya mazuti, yaani dizeli, nilisugua yakafifia. Ya grisi yakafifia kidogo. Moja, pana kama kiganja, la rangi ya manjano inayoelekea machungwa, lilikataa. Nikaongeza sabuni, likakataa. Nikaianika uani palipo na jua kali, nikaingia kupika.

Nilipotoka kugeuza nguo, lile doa lilikuwa limepauka. Madoa mengine yote yapo palepale, hilo moja limepauka karibu liondoke.

Mwanamke yeyote wa huku anajua maana yake. Kuna doa moja tu ambalo sabuni hailiwezi na jua linalila. Nimelifua maisha yangu yote, kwenye nguo za watoto tisa. Nikachukua kile kibakuli alichokuwa anakingia likidi inayotoka kwenye magurudumu. Kilikuwa kimeachwa kivulini chini ya kamio. Juu ya likidi kulikuwa na vipande vizito vya rangi ya machungwa chafu, vimeganda kama mawese yanavyoganda kwenye chupa asubuhi ya baridi. Nikakisogeza juani. Nilisimama hapo mpaka vikaanza kuyeyuka. Nikanusa, ingawa sikuhitaji kunusa. Mikono yetu wote hapa inanuka mawese, sufuria zinanuka, mpaka nywele. Nani angeshangaa kamio ikinuka?

Nitasema kilichonipitia kichwani, kwa sababu nilikwenda kuungama nikakisema huko pia. Nilifikiri: ninyamaze. Raba ni za uongo, mtoto ameshasema. Aagize zingine. Hakuna atakayejua. Mimi ndiye niliyelinda kamio miaka sita, mji mzima unanisifu kwa hilo, na marehemu huko aliko ananisifu. Nikafikiri hivyo kwa muda wa kutosha kabisa kuwa dhambi.

Halafu nikamwona mtoto anachukua spana na kwenda kwenye pedali. Alikuwa ameamua kuilegeza ile fimbo.

Nikasema: "Acha hiyo. Kuja hapa."

Akaja. Mzee akaja nyuma yake, na wale wenzangu watatu pia wakaja, maana Uvira hakuna neno la watu wawili. Ningeweza kuwafukuza. Sikuwafukuza.

Nikamwonyesha kibakuli. "Hii unaona ni nini?"

"Kutu na grisi ya zamani, Koko. Imechanganyika."

"Haiko grisi. Ni mawese. Minye niliyamimina mu chupa ya freni. Chupa mbili."

Wenzangu watatu wakasogea kutazama kibakuli.

"Mawese," mjukuu alisema.

"Ya Makobola. Niliyachuja."

Mzee alishika ubavu wa kamio, akateremka taratibu mpaka akakaa chini, na hapo ndipo nikaona anacheka, bila sauti, machozi yanatiririka kwenye tumbaku. "Shemeji," alisema alipopata pumzi, "mbona hukuweka na majani ya sombe, tule?"

"Na weye," nilimwambia, "uliyamwaga mbele ya macho yako ukasema ni chai ya kambi. Mimi sikusoma. Weye je?"

Akaacha kucheka, kisha akaanza upya.

Mjukuu hakucheka. Alichuchumaa, akaweka kidole kwenye kibakuli, akakisugua kwa kidole gumba. Nilikuwa nangoja anitukane. Alikuwa na haki. Lakini uso wake ulikuwa unafunguka kama dirisha.

"Raba za freni hazikutengenezwa kwa mafuta ya kula," alisema polepole, akijiambia mwenyewe. "Zinayanywa, zinavimba. Na asubuhi mawese yanaganda ndani ya bomba, likidi hairudi. Mchana yanayeyuka, inarudi. Na yale yaliyobaki kwenye mabomba yalirudi juu, yakanywesha raba zangu mpya." Akanitazama. "Raba zangu hazikuwa za uongo."

"Hazikuwa."

"Koko, ulimimina lini ya kwanza?"

Nikamwambia. Akataka kujua kiasi, na kama nilimimina kwenye kitu kingine chochote. Nikamwambia hapana, nikakumbuka, nikamwambia bawaba za milango. Akasema bawaba hazina neno.

Kisha akasimama na kuwaambia wale wenzangu, kwa sauti ya kawaida, kwamba Jumamosi kamio haiendi. Siyo kwa fimbo iliyolegezwa, siyo kwa kupompa mara mbili. Kwa sababu sasa anajua raba zimevimba katika magurudumu yote, na raba iliyovimba inaweza kugoma leo na kupasuka kesho. Yule mwenye magunia ya pembeni alinigeukia mimi.

"Mchele wangu ukiloa," alisema, "nitakuletea wewe uule."

"Leta," nilimwambia.

Mvua ilinyesha Ijumaa. Magunia yake manne yaliloa. Nilimpa manne yangu makavu nikayachukua yake, nikayaleta moja moja kwa pikipiki, nikayaanika siku tatu mbele ya nyumba, kila mpita njia akiuliza na mimi nikijibu kwa nini. Ilikuwa njia ya haraka ya kuwaambia watu wote.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki. Alifungua kila kitu ambacho likidi ilipitia. Raba zote zilitupwa, na mabomba ya mpira pia, maana nayo yalikuwa yamekunywa. Mabomba ya chuma alisema yaoshwe kwa alkoli. Mzee akashauri lutuku, pombe kali anayopika mama mmoja nyuma ya soko, iko na nguvu ya kuua farasi. Mjukuu akasema lutuku nusu yake ni maji, na maji ndani ya freni ni msiba mwingine. Kwa hiyo nilizunguka famasi zote za mji kununua alkoli ya kusafishia vidonda, na famasi ya tatu mwuzaji aliniuliza nimeumia wapi. Alipitisha alkoli, akapuliza, akakinga kwenye chombo cheupe. Ilitoka na rangi ya machungwa. Akapitisha tena. Mara ya tano ikatoka kama maji, na bado akapitisha ya sita. Mzee alikuwa anamshikia bomba, na hakusema tena tuende kula.

Siku ya kujaza likidi mpya na kutoa hewa alihitaji mtu wa kukanyaga pedali. Mzee goti lilikuwa limemkataa. Akaniita.

"Minye?"

"Weye. Keti."

Miaka sita nilipanda ndani ya kamio ile kila mwezi, lakini nilikuwa nikipiga magoti tu sakafuni. Kwenye kiti cha dereva sikuwa nimekaa hata siku moja. Nikakaa. Pedali ilikuwa imelika upande mmoja, upande wa kidole gumba cha marehemu. Nikavua kandambili.

"Kanyaga," alisema kutoka chini.

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

Pedali ikazama polepole chini ya mguu wangu, na upande wa nyuma nikasikia likidi inatoa mapovu.

"Usiachie mpaka niseme. Achia."

Tulianza na gurudumu la mbali, tukaja la karibu. Kanyaga, shikilia, achia. Mwanzoni ilikuwa inazama kama mguu kwenye matope. Kila gurudumu tulilomaliza, ilizama kidogo kuliko mwanzo. Mwisho nikakanyaga na mguu ukakuta mahali pa kusimama.

"Iko namna gani?" aliuliza.

"Iko na sakafu."

Alitoka chini, uso mweusi kwa vumbi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimwonyeshe kile kibakuli. "Koko," alisema, "neno hilo hata shuleni hawakutufundisha."

Hakuniruhusu kuita watu siku hiyo. Alitaka asubuhi tatu za baridi, mfululizo, kabla jua halijagusa bati. Asubuhi ya kwanza alikanyaga, akaachia, na wajane wanne wakaisukuma kamio kwa mikono, ikatembea. Asubuhi ya pili ikatembea. Ya tatu walikuja wajane wote, na yule wa magunia manne alikuwa mbele, akisukuma kwa bega na kunung'unika.

Tulikwenda Lubarika, tukapakia. Wakati wa kurudi nilikaa ndani kwa mbele, kwa sababu mjukuu alisema mtu wa umri wangu hakai juu ya magunia, na nilikubali bila kubishana, jambo lililomtia wasiwasi. Tuliteremka ule mteremko taratibu. Tulipofika barabarani bondeni, ng'ombe wakavuka mbele yetu, kundi zima, na mchungaji wao hakuharakisha kwa ajili yetu. Mjukuu akakanyaga. Kamio na mchele wote na wanawake wote ikasimama imenyooka, bila kuvuta kulia wala kushoto. Juu walilalamika kwamba wameminywa. Mmoja akaniita jina baya.

Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani nikitazama gurudumu la mbele la kulia. Ng'ombe wa mwisho akapita. Mjukuu akatoa mguu kwenye pedali, na gurudumu likaanza kuzunguka.